Mbwa Mlangoni: Desturi ya Maduka ya Mji wa Kale, Mombasa

Katika Mji wa Kale wa Mombasa paka huingia dukani bila kubisha hodi. Hulala juu ya gunia la mchele, hupita kati ya miguu ya wanunuzi, na mwenye duka humsogeza kwa mkono mtupu kisha huendelea kupima sukari. Lakini mbwa aliyefungwa kamba, hata akiwa ameogeshwa asubuhi ile, hata akiwa mtulivu kuliko bwana wake, akitia mguu mlangoni mazungumzo hukatika. Mwenye duka husimama. Wanunuzi hukusanya nguo zao. Na yule aliyekuja na mbwa, ambaye kwao pengine huingia naye kila mahali, hujiona kuwa amefukuzwa yeye mwenyewe.

Jambo hili si geni, wala si dogo kama linavyoonekana. Kisiwa cha Mombasa kina watu wa kila namna: Waswahili na Waarabu, Wahindi wa dini na madhehebu mbalimbali, Wamijikenda, watu wa bara waliokuja kwa kazi, Wazungu, na wageni wanaokuja kutazama Ngome ya Yesu. Miongoni mwao wako wanaomwona mbwa kuwa mlinzi wa boma, wako wanaomwona kuwa kama mtoto wa nyumbani, na wako wanaomwona kuwa najisi. Wote hao hununua Marikiti ile ile na kupita Ndia Kuu ile ile. Asiyejua sababu ya mwenzake humdhania ubaya: huyu husema yule ana roho ngumu kwa wanyama, na yule husema huyu ana kiburi na hajali dini za watu. Yafaa basi sababu zenyewe zielezwe.

UNYEVU, SI CHUKI

Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Imamu Shafii, na hawakuanza jana. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliwakuta watu wa kisiwa hiki wakifuata madhehebu hayo hayo. Aliandika kwamba misikiti yao ilijengwa vizuri kwa mbao, na kwamba penye milango ya misikiti palikuwa na visima vifupi ambapo mtu alinawa miguu kabla ya kuingia, akaipangusa kwa mkeka mnene uliowekwa pale, kwa kuwa watu walitembea miguu mitupu. Maelezo hayo yana karibu miaka 700, na mtu aliyezaliwa Mji wa Kale hawezi kuyasoma bila kuutambua mji wake. Huu ni mji ambao mguu safi na nguo safi ni jambo la kila saa.

Sasa katika madhehebu ya Shafii mbwa ni najisi iliyo nzito kuliko nyingine. Mate yake, jasho lake, na maji yaliyougusa mwili wake yakipata chombo au nguo, hapana budi kitu hicho kioshwe mara 7, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Wasiokuwa Waislamu wengi hawajui neno moja la maana hapa: mbwa mkavu akipita na kugusa kitu kikavu, hapana kilichoharibika. Shida ni unyevu. Nayo pua ya mbwa mzima wa afya kwa kawaida ni nyevu, na ulimi wake ndio mkono wake wa kuamkia.

Mfikirie basi mwenye duka aliyesimama nyuma ya meza yake baada ya adhuhuri. Amevaa kanzu, na kwa kanzu hiyo hiyo atasali alasiri katika msikiti ulio hatua chache kutoka mlangoni pake. Mbwa wa mgeni akimkaribia na kumlamba pindo, mbwa hakukusudia ubaya. Amesalimu kwa namna aijuayo. Lakini mwenye duka amepata kazi. Atafunga duka, atakwenda nyumbani, atabadili nguo, ataosha ile iliyolambwa mara 7 na kutafuta udongo ulio safi. Mgeni akimwona amekunja uso, husema: "Huyu anachukia wanyama." Kumbe mtu huyu anahesabu dakika zilizobaki kabla ya adhana.

Njia zenyewe za Mji wa Kale huongeza shida. Zilifanywa kwa ajili ya watu na punda, na mahali pengi mkokoteni ukipita watu hujibana ukutani. Mwanamke mwenye buibui hawezi kumpisha mbwa kwa hatua mbili, maana hatua ya pili hana pa kuiweka. Tena wakati wa masika mbwa aliyenyeshewa hufanya kama mbwa wote wafanyavyo: husimama katikati ya watu akajikung'uta. Mtu asiyejua hucheka. Aliyepatwa na matone hayo akiwa njiani kwenda msikitini hacheki.

Haifai lakini kudhani kwamba kila mwenye duka hufuata hukumu moja. Waislamu wa madhehebu ya Malik, walio wengi katika nchi za Afrika Magharibi na Kaskazini, humhesabu mbwa hai kuwa tohara. Wafuasi wa Hanafi, ambao ni wengi miongoni mwa Waislamu wenye asili ya Bara Hindi, huyaona mate yake kuwa najisi lakini hawasemi hivyo juu ya mwili wake mkavu au mvua. Tena wako wenye maduka walio Wahindu, na Wakristo. Kwa hiyo mtu mwenye mbwa aweza kupokelewa kwa tabasamu katika duka moja na kukatazwa katika duka la jirani, na wote wawili wakawa na haki. La busara ni kuuliza kabla ya kuingia. Neno moja tu latosha: "Bwana, nina mbwa, nisimame hapa?" Aliyeulizwa hivyo hujibu kwa upole, maana ameheshimiwa kwanza.

MAGUNIA YALIYO WAZI

Hata kama dini ingewekwa kando, ingebaki afya. Atembeaye penye maduka ya viungo karibu na Marikiti huona jinsi mali ilivyopangwa: magunia ya mchele, dengu, kunde, pilipili manga na bizari yamekunjuliwa midomo na kusimamishwa chini, ili mnunuzi atie mkono na kutazama punje. Midomo ya magunia hayo iko sawasawa na pua ya mbwa wa kimo cha kadiri. Vikapu vya tende viko chini zaidi. Mahamri na viazi karai huuzwa juu ya meza fupi zilizo kando ya njia. Mbwa hunusa kwa sababu ndivyo alivyoumbwa, na akinusa huacha unyevu, na mara nyingine huonja.

Wapo minyoo watokao katika mbwa na kumwingia mtu. Mmoja wao ni tegu mdogo sana ambaye mayai yake hutoka katika kinyesi cha mbwa na kushikamana na manyoya yake. Mtu akiyameza, huota uvimbe wenye maji katika ini au mapafu, na mara nyingi huhitaji kupasuliwa. Ugonjwa huo umejulikana sana Turkana, ambako watu na mbwa huishi pamoja kwa karibu mno. Haukutajwa hapa ili kuwatia watu hofu katika njia za Mombasa, ila kuonyesha kwamba mwuza chakula anayemzuia mbwa mlangoni hafanyi hivyo kwa chuki, hata akiwa mtu asiye na dini yoyote. Paka naye, ikisemwa kweli, hana haki ya kulala juu ya mchele. Ila yeye analindwa na hadithi ya Mtume inayosema kwamba si najisi, kwa kuwa ni miongoni mwa wanaozunguka nyumbani mwa watu, na tena analindwa na panya, ambao mwenye duka huwachukia zaidi.

WASIO NA HATIA

Lakini upande wa pili nao una makosa yake, na makubwa. Wako vijana wanaomwona mbwa akipita wakaokota mawe, na wazee waliokaa hapo wasiseme neno, kana kwamba dini imeagiza hivyo. Haikuagiza. Katika Kurani mbwa wa Watu wa Pangoni ametajwa kuwa pamoja nao, amenyoosha miguu yake mlangoni. Katika Sura ya Maida nyama iliyokamatwa na mbwa wa kuwinda aliyefundishwa imehalalishwa. Na kila mwanafunzi wa madrasa amesikia habari za mtu aliyemkuta mbwa akilamba mchanga kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake akamnywesha, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Mwenye kutupa mawe na asome habari hiyo tena.

Wakulima wa Kwale na Kilifi hawahitaji kufundishwa faida ya mbwa. Mahindi yakianza kukomaa, nyani, ngedere na nguruwe wa mwitu hawangoji mwaliko, na shamba lisilo na mbwa huvunwa na wengine. Wengi wa wakulima hao, hasa Wadigo, ni Waislamu, nao hawavunji sheria yao, kwa maana mbwa wa kulinda mazao, wa kulinda mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa wazi katika hadithi. Linalokatazwa ni kumweka ndani ya nyumba pasipo haja. Mtu wa shamba humpa mbwa wake mahali pake uani, humpa chakula chake, wala hampeleki sokoni. Kadhalika Kenya inayo Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na mbwa yumo ndani ya sheria hiyo sawa na punda na ng'ombe.

Methali ya pwani husema: Ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Kwa kawaida hutumiwa juu ya watu, yaani juu ya yule aliyezoeshwa mno hata akasahau mipaka. Lakini ikitazamwa vizuri, methali haisemi mbwa auawe wala apigwe. Yasema kwamba mazoea hayana mlango wa kusimamia, na kwamba mwenye kuweka mipaka ni mtu, si mbwa.

DESTURI HUTOKA MAHALI PAKE

Wageni kutoka Ulaya husema kwamba kwao mbwa huingia dukani, hotelini na katika gari la moshi, na hapana anayeshtuka. Ni kweli. Lakini desturi hiyo ilikuwa na gharama, na gharama yenyewe haionekani na wale walioirithi. Uingereza ilikuwa na kichaa cha mbwa. Katika karne ya 19 mbwa walioshikwa na ugonjwa huo waliuma watu katika njia za London. Serikali iliamuru mbwa wafungwe midomo wanapotoka nje, ikawakamata waliotangatanga, na mwaka 1902 ugonjwa ukakoma. Ukarudi mwaka 1918, mwisho wa vita, ukaondolewa tena mwaka 1922. Tangu hapo, kwa miaka mingi, mbwa aliyetoka nje alitengwa kwa miezi 6 kabla ya kuruhusiwa kuingia nchini. Kwa hiyo mbwa wa Mwingereza analala chini ya meza ya watu kwa sababu babu za watu hao walikubali kufunga mbwa wao midomo.

Kenya haijafika hapo. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa karibu na Nairobi, na hakijaondoka hata leo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu 59,000 hivi hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, karibu wote Afrika na Asia, na kwamba katika kila watu 100 wanaoambukizwa, 99 hupata kutoka kwa mbwa. Watoto ndio wanaoumwa zaidi, kwa kuwa hukimbia, na mbwa hufuata akimbiaye. Dalili zikiisha kutokea, karibu hapana anayepona. Mama anayemvuta mtoto wake nyuma aonapo mbwa wa mgeni dukani hawezi kujua kama mbwa yule amechanjwa, maana chanjo haiandikwi usoni.

Mwaka 2014 serikali ya Kenya ilitoa mpango wa kuumaliza ugonjwa huu kwa mbwa ifikapo mwaka 2030, na msingi wake ni kuchanja mbwa angalau 70 katika kila 100, mwaka hata mwaka. Kuwaua mbwa ovyo kwa sumu au risasi, kama ilivyofanywa zamani katika miji mingi, hakukuumaliza ugonjwa popote, kwa kuwa mbwa wengine huja kushika mahali pa waliouawa, nao hawajachanjwa. Kisiwa cha Pemba kinatoa mfano ulio karibu nasi. Ni kisiwa cha Waislamu, na mbwa wake si wengi. Lakini walipochanjwa kwa bidii ugonjwa ulitoweka mwaka 2014. Ukaletwa tena mwaka 2016, chanjo ikarudiwa, na mwaka 2018 ukakoma mara ya pili. Mtu hakulazimika kumpenda mbwa ili amlete kuchanjwa.

Na kwa kuwa gazeti husomwa pia na watu walio mbali na hospitali, ni lazima jambo hili litajwe: mtu aliyeumwa au kukwaruzwa na mbwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akachomwe sindano za chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Asingoje kumwona mbwa atakavyokuwa, wala asipake dawa za majani.

BARAZA

Swali linabaki: mwenye mbwa atanunuaje? Jibu limejengwa kwa mawe katika Mji wa Kale tangu zamani. Nyumba za Waswahili zina baraza nje ya mlango, na nyingine zina daka, kile kibanda cha mlangoni kilichofunikwa juu. Baraza halikujengwa kwa kupumzikia tu. Lilijengwa ili mgeni asiyepasa kuingia ndani, kwa kuwa si jamaa au kwa kuwa ndani wako wanawake, apokewe kwa heshima kamili bila kuvuka kizingiti. Hapo huletewa kahawa chungu, hapo hufanywa biashara, hapo husuluhishwa magomvi. Kwa watu wa pwani kumpokea mtu barazani hakukuwa kumdharau.

Kwa hiyo mwenye duka mwenye adabu humwambia mgeni, "Mama, karibu, keti hapa nje, mbwa akae karibu nawe, mali nitakuletea." Akaleta kanga gora kwa gora, akazikunjua kwenye mwanga wa jua ambako rangi huonekana vizuri kuliko ndani. Mgeni amenunua, mbwa amelala kivulini, kanzu ya mwenye duka ni safi. Tofauti kati ya "Toa mbwa wako!" na "Karibu hapa nje" ni maneno machache, lakini la kwanza huwafanya watu wawili wachukiane hata wasipojuana majina.

Mwenye mbwa naye ana wajibu wake. Kamba iwe fupi, mbwa aliyechanjwa awe na cheti chake, na kinyesi kiokotwe, kwa maana Mji wa Kale hauna majani ya kukificha. Katika kivuko cha Likoni, ambako watu husimama wamebanana bega kwa bega, mbwa mkubwa afungwe mdomo. Palipo na nafasi mambo ni mepesi. Jioni kule Mama Ngina, ambako watu huketi mbele ya bahari wakila mihogo, njia ni pana na upepo ni wa wote, na mbwa aliyefungwa kamba aweza kupita mbali kidogo na mikeka ya watu bila kumuudhi mtu.

Wako pia mbwa ambao mlango hauwahusu kwa namna hii. Bandarini Kilindini Shirika la Wanyamapori la Kenya limetumia mbwa kunusa pembe za ndovu zilizofichwa ndani ya mizigo, na polisi hutumia mbwa wao kutafuta silaha na dawa za kulevya. Hawa wako kazini, na ofisa Mwislamu aliyepewa kazi nao huosha nguo zake na kusali. Mgumu zaidi ni mbwa anayemwongoza kipofu. Katika Kenya mbwa hao ni nadra sana. Vipofu wengi hutumia fimbo nyeupe au mkono wa mtoto. Lakini Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, humpa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa kadiri ifaavyo, na kupata vyombo vya kumsaidia kushinda vizuizi vya ulemavu wake. Mwenye duka akimwambia kipofu "mbwa akae nje", amemwondolea macho yake. Hapa desturi ya kizingiti hukutana na haki ya mtu, na si rahisi kusema moja kwa moja ipi ipishe.

Swali kama hilo lilifika msikitini mwaka 2008, katika mji wa Leicester, Uingereza. Kijana mmoja Mwislamu, kipofu, alikuwa na mbwa wa kumwongoza, na alitaka kwenda kusali pamoja na wenzake. Baraza la sheria ya Kiislamu la nchi ile liliulizwa, likajibu kwamba mbwa wa kazi hiyo aruhusiwe kumfikisha bwana wake msikitini. Viongozi wa msikiti wakatenga mahali karibu na mlango pa mbwa kupumzikia. Kijana aliingia kusali, na mbwa akamngoja pale. Katika Mji wa Kale mahali pa namna hiyo hapangehitaji kujengwa upya. Kila nyumba yenye baraza inapo tayari, na mwenye duka anayekutana na kipofu wa namna hiyo aweza kutoka nje, akamshika mkono, na kumwingiza ndani mwenyewe huku mbwa akilala mlangoni.